Vibanio vya Kilo Moja

Jina lake kamili ni Kilo Moja, binti wa fundi viatu aliyeweza kukushonea kisigino kiatu kikiwa mguuni, mjukuu wangu mimi niliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja bila kupoteza hata foronya, na kitukuu cha mama yangu, aliyemkimbiza mwizi wa kuku mpaka mwizi akaomba maji ya kunywa. Majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa hayajawahi kuitwa akaitika.

Alizaliwa njiti, mimba ya miezi saba, kilo moja juu ya mizani. Mama yake nami tulipokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Akakua, miguu ikawa na mbio, mdomo ukaipita. Lakini ukimtuma chumvi, sabuni na kiberiti, alirudi na chumvi pamoja na ugomvi wa majirani, tena kwa kirefu. Kwenye mtihani alijibu swali la kwanza vizuri, halafu akachora dirisha. Mwalimu mkuu akaandika kwenye ripoti: “Mvivu.”

Ripoti nikaipeleka kwa muuguzi wa kliniki. Akasema, “Bibi, huyu si mvivu. Baadhi ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati akili wanayo, ila inawawia vigumu kushika mambo kadhaa kwa mpigo, kujua lipi lianze, na kulifikisha mwisho. Mpe moja moja. Tena mpe kitu cha kukiona kwa macho.”

Alipokua akajifunza kunyoa, na mkono anao, sitaki ubishi. Mwenye saluni akampa kiti cha pili. Wiki ya tatu, nje pakatokea mabishano ya baiskeli. Kilo Moja akatoka kuamua, akarudi, akamkalisha mteja mwingine. Yule wa kwanza alikwenda kazini na sharubu upande mmoja.

“Akitoka mtu mwingine humu hajakamilika,” mwenye saluni akamwambia, “na wewe unatoka naye. Jumla.”

Alilia siku moja tu. Siku ya pili akachukua vibanio vyangu vinne vya nguo. Kila mteja akikaa, anavibana kwenye shuka la kunyolea: kulia, kushoto, kisogo, ndevu. Akimaliza upande, kibanio kinaingia mfukoni. Wateja wakamcheka. “Unaninyoa au unanianika?”

“Nyamaza ukauke,” akawajibu.

Nilikuwa kwenye benchi nimemletea chakula siku alipoingia mwalimu mkuu, yuleyule wa ripoti, anataka kunyolewa kabla ya picha ya kitambulisho ya saa nne. Alimtambua, akatafuta kiti cha kwanza kwa macho. Kilikuwa na mtu, akakaa cha pili.

Kulia kukaisha. Kisogo kikaisha. Mara bomba la maji likapasuka barabarani, maji yakaruka mpaka kwenye mabati. Saluni nzima ikatoka mbio, Kilo Moja mbele. Nikasema, leo kiti kimekwenda.

Mwalimu naye akatoka. Akatazama maji, akatazama saa, akashika njia ya studio.

Kilo Moja alikuwa anacheka na watu, akageuka, akaona shuka linapita na vibanio viwili.

“Mwalimu! Kushoto bado! Na ndevu!”

“Nimechelewa, mwanangu!”

“Utapigwa picha nusu ya nani?”

Akamshika shuka kwa nyuma, akamvuta mbele ya mtaa mzima. “Rudi, Mwalimu. Hujamaliza kazi.”

“Mimi ndiye sijamaliza?”

“Basi tusibishane, kaa.”

Akamaliza kushoto, akamaliza ndevu. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akageuza shavu hili na lile, akasema neno ambalo ripoti haikuwahi kuwa nalo: “Safi.”

Mwenye saluni alikuwa amesimama mlangoni ameloa mpaka magotini. “Kiti chako kipo,” akasema. “Lakini leo umegeuka kwa bahati. Siku usipogeuka?”

Kilo Moja akafikiri. Kisha akampangia kazi bosi wake, mbele yangu, bila kupepesa.

“Kuanzia leo mlango ni wako, mzee. Mtu akipita na kibanio, hata kimoja, mrudishe kwangu.”

“Na akikataa?”

“Mkalie.”