Mji Ambao Sikuuita

Haya niliyaona mimi, tena mchana, jua la saa nane, nikiwa sijaonja hata tone la pombe. Naanza hivyo kwa sababu nawajua nyie. Mimi nimeishia darasa la saba, kichwa changu mwenyewe nakitilia shaka, na kisa hiki nimekiandika mara nne nikikifuta. Pale nisipokuwa na uhakika, nitasema.

Jirani na Mugango kuna uwanda tunauita Mahameni. Enzi za Wajerumani kilikuwa kijiji cha babu zetu. Ofisa mmoja mzungu aliamuru kichomwe na watu wapigwe risasi, kwa sababu walikataa kubeba mizigo yake, na kwake yeye mtu mweusi anayekataa hakuwa mtu. Niseme haki: askari waliowasha moto walikuwa weusi kama sisi. Lakini amri haikuwa yao.

Wachache walitoroka. Sisi uzao wao tumetawanyika Musoma, Bunda na Butiama, ila kila mwaka baada ya mavuno tunarudi. Kila familia inabeba mafiga yake matatu, inayapanga pale ulipokuwa mji wa babu yake, yaani boma lake, na kupika hapo. Kisha mwitaji anaita miji mmoja mmoja, na wenyewe wanajibu, "Moshi upo!" Usidhani ni matanga. Ni ngoma, vicheko, watoto kuibiana nyama. Shangazi yangu anasemaga yule mzungu alitaka kimya, basi tumnyime.

Mwitaji alikuwa huyo shangazi. Miaka michache iliyopita sauti ilimkauka, akanipa mimi kazi, maana nilikuwa nimeyaandika majina yote kwenye daftari. Akanionya, "Ukiruka mji, umeuchoma wewe." Wiki nzima, nyumbani kwangu Musoma, nikawa nayasoma majina hayo kwa sauti.

Siku yenyewe, nikiwa nahangaika na moto wetu, akaja mama mmoja mnene, kikapu cha mafiga kichwani, chungu mkononi. Akatua kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya mji wetu na mji wa watu wa Bunda.

"Mwanangu, mbona unapuliza kama unazima kibatari? Sogea huko."

Moto ukawaka. Nikamwamkia, nikamuuliza yeye ni wa mji gani.

"Wa hapahapa. Ulidhani nimekuja harusini?"

Watu wakacheka. Mimi nilijua ni mkwe wa watu wa Bunda. Wao, waliniambia baadaye, walijua ni mkwe wetu. Na kwetu mkwe hahojiwi mara mbili mbele ya watu, ni aibu. Unaliona kosa letu?

Akapika furu. Niamini. Wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao sangara amewamaliza; tangu utoto sijaona wanono namna ile. Tulikula watu wengi, chungu hakikupungua. Huenda kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani, sikukipima. Akacheza ngoma mpaka vijana wakaomba maji.

Nikafungua daftari, nikaita. "Moshi upo!" "Moshi upo!" Nikafika mwisho jasho likinitoka, nikatangaza, "Tumetimia!"

"Katimia nani?" Yule mama alikuwa amesimama, mwiko kiunoni. "Nimepika, mmekula, mmelamba na vidole, halafu hamniiti?"

Vicheko. Mimi sikucheka. Shangazi, ambaye macho hayaoni vizuri, akainua mkono watu wakanyamaza. Akaninong'oneza, "Amekaa wapi huyo?"

"Kati yetu na Bunda."

"Hapo mimi nilikuwaga nanyamaza kidogo. Hukuandika?"

Nilidhani alikuwa anavuta pumzi!

"Mama yangu ndiye alinifundisha," akasema. "Mji huo hakutoka hata mmoja. Hakuna wa kujibu, na jina lilipotea."

Kumbe nimeuchoma mimi. Nikamwendea yule mama, nikainama. "Mama, nisamehe. Tuuite mji wa nani?"

"Wa Masatu, msuka mitego ya samaki. Tena ita, baba. Usiite kama unaazima chumvi."

Nikaita kwa kifua chote. Na Mahameni nzima, kila mji, wakajibu kwa pamoja, "Moshi upo!" Vigelegele vikapanda, watu wakakumbatiana, nami nikawa nalia huku nacheka. Nilipogeuka, mama hayupo. Chungu hakipo. Mafiga yapo, yanaunguza mkono, na nyasi katikati yake mbichi kabisa. Nakubali upepo unaweza kupeperusha majivu. Lakini nyasi?

Tangu hapo mji wa Masatu una watu kuliko yote. Wakwe zetu, ambao zamani walikaa pembeni wakila kwa adabu, wameuchukua wao. Wanapika hapo, na kila mwaka wanagombana, kwa utani lakini wanagombana kweli, nani atangulie kuitikia.

Basi nakuonya wewe unayesoma. Mahali popote watu wenu wanapokusanyika kuwakumbuka waliouawa, usikimbilie kusema mmetimia. Mwaka jana shemeji yangu mmoja, mbishi, alilitamka neno hilo makusudi, na sufuria yake ya nyama ikapinduka yote. Sisemi ni yule mama. Jiwe linaweza kuteleza. Nasema tu nyama ilimwagika, na sote tulisikia mtu akicheka.