Mkanda wa Vichupa Mkutanoni

Basi likikaribia Nyololo mimi hujifanya nimelala, na leo nawaambieni kwa nini, mnicheke mara moja yaishe.

Miaka ile ya sabini, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vinanukia miti mibichi, niliacha kuchuuza vitunguu sokoni Iringa nikawa kibarua wa mtaalamu mmoja kutoka Mbeya aliyekuwa anapima maji ya kunywa vijijini. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi lakini cha akili: vichupa vya dawa ya zambarau, unatia maji ya chemchemi, unaviweka kwenye joto mchana na usiku, na vikigeuka njano na kutoa hewa ujue mna kinyesi. Joto utalipata wapi Mufindi, umeme hakuna na baridi inang'ata mpaka ufizi? Mwilini. Unavivaa kwenye mkanda wa kitambaa chini ya shati, unakuwa kuku anayeatamia (kuku wa darasa la saba, lakini kuku).

Vichupa vilizibwa kwa pamba, na mtaalamu alinionya nisiiname wala nisilale. Nisilale! Mimi sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, nikaona sharti hilo linapunguzika. Nikabembelezana na mganga wa zahanati, akanipa vizibo vya mpira vya chupa za sindano, nikavikandamiza, nikavihesabu mara mbili, nikalala fofofo.

Kesho yake ukawa mkutano wa kijiji, hapo hapo Nyololo. Watoto walikuwa wanaharisha, mmoja amezikwa wiki ile, na mtaalamu alitaka ng'ombe waondolewe juu ya chemchemi na uzio ujengwe. Mwenyekiti, ambaye ng'ombe wengi walikuwa wake, hakutaka kusikia.

"Ndugu mtaalamu, maji yale yanang'aa. Ukiangusha sindano unaiona. Huo uchafu uko wapi?"

"Utauona sasa hivi," akajibu mtaalamu, akaniita mbele.

Nikatoa salamu, "Kamwene!", kwa sauti ya mbunge, nikainama kidogo kuwaheshimu wazee, na hapo tumbo langu likasema pwaa. Halafu pwaa tena. (Ile hewa ilikosa pa kutokea usiku kucha, ikasubiri watu wajae.) Vizibo vikafyatuka ndani ya shati, kimoja kikatokea kwenye ukosi kikampiga mwenyekiti kifuani, na maji ya njano yakateremka taratibu kwenye suruali yangu ya kaki, yananuka hayana aibu.

Bibi mmoja wa mbele akaniambia kwa huruma, "Mwanangu, choo kiko nyuma ya ghala."

"Si mkojo!" nikapiga kelele (kosa kubwa, maana wa nyuma walikuwa hawajaona, sasa wakasimama waone). "Ni maji yenu haya! Ya chemchemi yenu!"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mwenyekiti akajipangusa kifua, akatangaza kwamba mkutano umefungwa kwa kuwa kipimo kimejikojolea. Mtaalamu alikuwa anatazama viatu vyake. Vichupa vitupu, ushahidi wote uko kwenye suruali, na suruali iko kwangu.

Ndipo akainuka Mama Tumaini, mama wa yule mtoto aliyezikwa. Akanisogelea, akanusa (alininusa kweli, mbele ya kijiji kizima, nimesimama kama mbuzi mnadani), akawageukia wenzake.

"Jana huyu alichota nikimwona, maji safi, hayana harufu. Ameyavaa usiku mmoja tu, yamekuwa hivi. Mwanangu aliyanywa."

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja, nikadhani wanakwenda nyumbani, kumbe wanafuata majembe. Mwenyekiti alikawia kidogo, kisha akawaita vijana wakaswage ng'ombe.

Mimi nilichimba mashimo ya nguzo mpaka jioni nimejifunga kanga ya kuazima, maana suruali ilikuwa kambani, na kila aliyepita na jembe lake aliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, dada." Nikaapa palepale kwenye shimo: nikipewa pamba, nitaziba kwa pamba.