Kuitikia Klarineti

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mambo ya muziki nitayaeleza kama nilivyoyaona tu, na nikikosea anayejua anisamehe. Mimi ni mtunza ukumbi. Ukumbi wenyewe uko Plumstead, hapa Landani, basi moja kutoka kwangu Thamesmead. Nafungua, nafagia, napanga viti, nafunga. Watu wakishakodi, sheria ni moja: nakaa jikoni, siingii ndani mpaka waniite.

Wale wazee walikodi siku tatu. Bendi ya Waholanzi saba, wapigaji wa jazi ya kizamani. Walikuja kurekodi albamu Landani kwa sababu fundi mitambo waliyemtaka, Mwingereza, yuko huku, na yeye aliupenda ukumbi wetu kwa sakafu yake ya mbao. Kurekodi kwenyewe ni kwa kizamani vilevile: wote saba wanakaa nusu duara mbele ya maikrofoni moja na kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Hakuna kurekebisha baadaye. Mmoja akikohoa, wote wanaanza upya. Fundi aliweka taa nyekundu juu ya mlango. Ikiwaka, hakuna kuingia wala kutoka.

Siku ya pili asubuhi radieta, lile bomba la kupasha ukumbi joto, ikaanza kugonga. Fundi akanifuata jikoni, "Njoo bwana, utunyamazishie hiki kitu." Nikaingia, nikaifunga, kugonga kukakoma. Nilipogeuka nitoke, taa ilikuwa imeshawaka, na ule mlango wetu unalia. Nikakaa kwenye kiti cha ukutani. Kusema haki, ningeweza kutoka mapema kidogo. Nilijichelewesha. Nilitaka kusikia.

Ulikuwa wimbo wa polepole. Tarumbeta ya kiongozi wao mbele, tromboni chini yake, banjo, lile gitaa la mviringo, ikitia hatua. Halafu wote wakanyamaza kwa mpigo mmoja, akabaki mzee wa klarineti peke yake na ile filimbi yake nyeusi. Kumbe ndio mtindo wao. Ile klarineti haikuwa ikiimba, ilikuwa kama inaeleza. Ilishuka, ikapanda kidogo, ikasita, kama mtu anayekueleza msiba anavyosita aone kama bado unamsikiliza.

Nikasema, "Enhe."

Kwetu ndivyo. Mtu akikueleza jambo unamwitikia. Ukikaa kimya atakuuliza umelala nini, na kama ni kwenye simu atasema, "Upo?" Lakini nina miaka kumi na sita hapa, na tangu mama watoto afariki sina anayenieleza jambo refu. Binti yangu yuko Manchester. Kiswahili anakielewa vizuri, ila nikimhadithia kitu ananijibu "okay Dad, okay", haraka haraka, kama anayefunga madirisha. Simlaumu, ana kazi na watoto. Nasema tu kwamba ile enhe ilikuwa imekaa siku nyingi.

Na nilidhani nimeisema moyoni.

Mchana wakaja jikoni kwa chai, fundi akawafungulia ile rekodi kwenye spika ndogo. "Hii ndiyo yenyewe," kiongozi akasema kwa Kiingereza, ili fundi naye aelewe. "Hatutaipata tena hivi." Ikafika pale pa klarineti, na katikati ya kimya ikatoka: "Enhe." Sauti nene, ya karibu, kama ya mtu aliyekaa kati yao.

"Nani huyo?"

Wote wakamgeukia mzee wa banjo. Mimi wa kiti cha ukutani hakuna aliyenikumbuka.

"Si mimi."

"Tangu ujana wako si wewe," akasema mpiga ngoma. "Albamu iliyopita ulinguruma kama friji, na haikuwa wewe."

Wakacheka. Kiongozi hakucheka. "Nilikuomba. Kabla hatujapanda ndege nilikuomba uache kuguna."

"Nakwambia sikufungua mdomo."

Fundi akairudisha, wakasikiliza tena. Mzee wa banjo alifumba macho. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao, nadhani alikuwa anakaribia miaka themanini. Rekodi ilipopita pale akasema taratibu, "Basi labda ni mimi. Siku hizi sijui."

Kiongozi akaamua: nyimbo za kesho zitapigwa bila banjo, na huu nao wataupiga upya kesho, mzee wa banjo akae jikoni. Alisema kwa upole, sitaki kumsingizia ukali.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi. Ningeweza kusema palepale. Lakini nilishawahi kupewa barua ya onyo, nilisahau kufunga dirisha, na sikutaka kujua barua ya pili inasemaje. Nikajiambia pia labda kweli ni yeye. Lakini Mholanzi gani husema enhe?

Wenzake waliporudi ukumbini kujizoeza kupiga bila banjo, mzee alibaki akanisaidia kufuta vikombe. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa mle ndani. Ulinisikia nikisema kitu?"

"Sikukusikia, mzee."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoniuma kuliko kama ningedanganya.

"Mke wangu alianza hivyo," akasema, huku akikiangalia kikombe. "Anasema kitu, na hajui kama amesema. Baadaye akawa hanijui mimi."

Nikakichukua kile kikombe, nikakitundika.

Nilifika asubuhi saa nzima kabla ya muda wangu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ukumbi, koti limefungwa mpaka shingoni, sanduku la banjo kando yake. Nikamwuliza kwa nini amekuja na banjo naye hapigi. Akasema mkono umezoea kubeba.

"Mzee, yule wa jana ni mimi."

"Yupi?"

"Aliyesema. Wewe hukusema kitu. Akili yako nzima."

Nikamweleza kwetu tunavyoitikia, nikaona maelezo yangu ya kipumbavu, nikayakatiza. Akauliza, "Kwani klarineti ilikuwa inakwambia nini?"

"Sijui. Ila ilikuwa haijamaliza."

Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akatoa leso akajifuta macho, na sikuweza kujua kama bado ni kicheko. Kisha akasema, "Sasa ukamwambie kiongozi. Mimi hatanisadiki."

Kiongozi alinisikiliza amesimama, tarumbeta kwapani. "Ungesema jana," akasema, "tungeupiga tena jana. Leo midomo ya mzee wa klarineti imechoka." Alikuwa na haki. Hakuniuliza neno hilo lina maana gani. Akaenda akamwambia mzee wa banjo kitu kwa Kiholanzi. Sikukielewa, ila niliona akikivuta kiti mwenyewe na kukirudisha mahali pake kwenye nusu duara, akakisogeza hadi kikakaa sawasawa.

Wakaupiga ule wimbo upya mara nne. Nilikuwa jikoni, mlango umefungwa. Hata kwa masikio yangu, na siyo masikio ya kutegemewa, haukuwa kama ule wa kwanza. Barua ya onyo haikuja. Sijui kama kiongozi hakunishtaki au alisahau. Namhesabia la kwanza, kwamba alinisitiri.

Miezi imepita. Wiki hii posta imeleta bahasha ukumbini, imeandikwa "mtunza ukumbi" tu, maana hatukuwahi kuulizana majina. Ndani mna sidii ya albamu yao, na karatasi kwa mwandiko unaotetemeka: "Ni ile ya tatu kati ya zile nne. Bado napiga."

Jikoni kuna redio kuukuu inayokubali sidii. Nikaketi nayo kabla sijafagia. Nyimbo mbili, kisha ule wa klarineti. Tarumbeta, tromboni, banjo ikitia hatua, na siwezi kusema uongo, nilifurahi kuisikia. Wote wakanyamaza kwa mpigo mmoja. Klarineti ikashuka, ikapanda kidogo, ikasita. Pale pangu palikuwa kimya, pasafi, kama ilivyotakiwa.

"Enhe," nikasema.

Nilisema kwa sauti, safari hii nina hakika. Hakuna aliyegeuka. Ikaendelea.