Kaseti Aliyoiacha Mjomba

Nikipita penye vyungu vipya sokoni Kyela, harufu ya udongo hunirudisha barazani kwa bibi, akifinyanga. Mjomba, mwanawe wa mwisho, alipiga gitaa la umeme kwenye bendi ya roki Mbeya. Alipofariki, bibi alikataza muziki nyumbani, na redio kaseti ikafunikwa kanga.

Siku moja mwenzake wa bendi alikuja na kaseti.

"Mama, tulimrekodi kwenye tamasha. Tunataka kuitoa, lakini uisikie wewe kwanza."

Bibi aliendelea kufinyanga. Mama yangu ndiye aliyeondoa kanga na kuiweka redioni. Kwenye kaseti watu walishangilia, gitaa likaunguruma, kisha tukamsikia mjomba akisema kwa lugha yetu, "Wimbo huu ni wa mama yangu. Hajawahi kunisikia nikiimba."

Mikono ya bibi ikatulia juu ya chungu. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Ndaga fijo, mwanangu," alimshukuru mgeni. "Itoeni, watu wamsikie."

Kisha akaniambia niirudishe mwanzo. Nikabonyeza, tukamsikia tena. Yule mgeni sikumwona tena, na mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia asante.