Mfuko Uliobanduka Lebo

Mwalimu Anaeli alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja kwenye sekondari moja ya Upanga. Wazazi walimwita Profesa, naye hakuwakataza.

Mvua zilipojaza maji Jangwani, stoo ya Sitara, muuza malighafi wa Kariakoo, nayo iliingia maji. Mfuko mmoja wa unga mweupe ulibaki mkavu ndani ya nailoni, ila lebo ilibanduka.

"Shikamoo mwalimu. Nadhani ni asidi ya limao, ya watu wa juisi," Sitara alimwambia. "Lakini nilikuwa pia na asidi ya kuondolea kutu, ile sumu. Nipimie."

Kwenye maabara ya shule, Anaeli aliyeyusha unga aliokwisha kuupima uzito, akatia kiashiria, akadondoshea kostiki soda kutoka kwenye byureti, bomba la kupimia, hadi maji yakawa na rangi ya waridi hafifu. Alirudia mara tatu. Hesabu ikatoa gramu sitini na tatu za asidi kwa kila moli ya kostiki soda. Asidi ya limao hutoa haidrojeni tatu, akazidisha kwa tatu: mia na themanini na tisa. Uzito wa moli ya asidi ya limao ulitakiwa uwe mia na tisini na mbili.

"Hizo tatu ni makosa ya mkono," akasema, akaandika fomula ya asidi ya limao.

Mwanne, mtunza maabara, alikuwa anaosha vyombo. "Mwalimu, na kama haidrojeni ni mbili? Inakuja mia na ishirini na sita, uzito wa ile ya kutu kabisa. Tujaribu maji ya chokaa."

"Wewe kemia umesomea wapi?" Anaeli akampigia Sitara simu: ni ya limao.

Mwanne alimimina maji ya chokaa kwenye kimiminika kilichobaki. Kikawa cheupe kama tui papo hapo. Ya limao isingefanya hivyo bila kuchemshwa.

Anaeli alimpigia Sitara tena, simu ilikuwa inatumika. Akakimbilia bajaji. Dukani alimkuta Stella, muuza juisi, anafunga kilo mbili za unga ule.

"Iache, mama. Ni sumu. Nimekosea."

Stella akaiweka chini taratibu.

"Ahsante kwa kuwahi, Profesa," alisema Sitara mbele ya wateja. "Mwingine angenyamaza."

Anaeli aliitikia kwa kichwa tu.

Aliporudi, alisimama mlangoni mwa maabara. "Wamenishukuru mimi. Sikulitaja jina lako."

"Lakini hawajaitumia?"

"Hawajaitumia."

"Basi," alisema Mwanne, akaendelea kukausha pipeti. Anaeli akaifuta fomula aliyoiandika.