Profesa Tuliyemnukuu Sote

Msimamizi wa tasnifu yangu alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mpole wa sauti, lakini kalamu yake nyekundu haikuwa na huruma hata chembe. Siku hiyo aliniketisha ofisini mwake, akafungua kurasa za mwisho za kazi yangu, pale penye orodha ya marejeleo, akaweka kidole juu ya jina moja.

"Huyu ni nani?"

Nikamtazama nikidhani ananifanyia mzaha. Jina lile kila mwanafunzi wa kriminolojia katika kampasi yetu alilijua.

"Ni profesa, mwalimu," nikamwambia. "Ndiye aliyeandika kitabu chetu."

"Kimechapishwa wapi? Na nani?"

Wallahi, miaka minane nimelala na kitabu kile ubavuni, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

"Nimemtafuta kila mahali," akasema. "Hayuko. Na hivi vyanzo vyako vingine, vingi ni vya kabla wewe hujazaliwa. Unaandika kuhusu vijana wa Kisauni na Likoni wa leo. Niletee kitabu chenyewe nikione, au nitafutie vyanzo vya miaka hii kuhusu hapa kwetu. Bila hivyo siwezi kutia sahihi."

Nilikuwa na majuma matatu. Chuo chetu kilikuwa na sheria kwamba ukifikisha miaka minane hujamaliza shahada, jina lako linafutwa, na mwaka wangu wa nane ulikuwa unaishia mwisho wa mwezi ule. Usinicheke. Mimi ni askari wa lango katika hoteli moja pale Shelly Beach, nafungulia magari ya wageni, na muhula mmoja nasoma, mwingine nakaa nje mpaka karo ipatikane. Nilitaka kuwa afisa wa probesheni, yule anayekaa na kijana kabla hakimu hajamhukumu, akamuuliza umefikaje hapa. Kwetu Likoni nimewaona watoto wakiingia jela na kutoka wabaya zaidi, na hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawauliza lolote. Shahada ile ndiyo ilikuwa njia yangu, na njia nyingine sikuwa nayo.

Sasa nikueleze kitabu chetu. Mwaka wa kwanza mhadhiri alitupa karatasi ya vitabu vya kusoma, nami kwa ujinga wangu nikaenda nayo maktaba. Kwenye rafu ya uhalifu kulikuwa na vitabu kumi na moja. Viwili vilikuwa vya sheria za barabarani. Kimoja kilikuwa na picha za askari wa nchi za baridi waliovaa makoti hadi magotini, na mhuri wa kuazimwa ndani yake ulikuwa umefifia hata sikuweza kusoma mwaka. Vilivyobaki vilieleza kwa nini watu huibiana kwenye treni za chini ya ardhi. Mimi ninavuka kwa feri! Nikaangalia karatasi yangu tena, na hakuna hata kimoja cha kwenye orodha kilichokuwemo.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili akanionea huruma. Akaniambia, nenda huko kwenu Likoni, karibu na feri, kwa mama wa fotokopi, umwambie unataka kile cha krimino. Na kweli, sikueleza zaidi ya hapo. Mama yule alivuta droo, akatoa rundo la karatasi, akanipigia kopi, akanibania kwa ule waya wa plastiki wa kujipinda, mambo yamekwisha. Ndivyo tulivyosoma sote. Kopi ilizaa kopi, ukurasa wa sitini na moja hadi wa sabini na nne haukuwamo, na kila nakala ilikuwa na duara la gilasi ya chai iliyowekwa na mtu tusiyemjua. Juu ya jalada paliandikwa kwa mkono, kwa herufi kubwa, jina la mtu na mwaka. Basi jina ndilo mwandishi, na mwaka ndio wa kuchapishwa. Tulimnukuu katika kila insha. Tulimnukuu katika mtihani. Mhadhiri mmoja, Mungu amsitiri, alisimama mbele yetu akasema, "Kama anavyotukumbusha profesa huyu," nasi tukaandika.

Na nilimpenda. Hilo sitaficha. Sura nyingine zilikuwa kavu, lakini sura ya sita ilikuwa yetu. Ilieleza vijana wa Kisauni wanaocheza mpira kila alasiri kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe, mpaka siku moja mwenyewe anatokea na hati na fundi wa kujenga ukuta. Ilisema kiwanja kikiuzwa timu haivunjiki, inahamia kwenye maskani, vile vijiwe vya vijana wasio na kazi, na huko hakuna refa. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilikuwa langoni, na gari la mgeni lilipiga honi mara mbili nisisikie. Nikajiambia, alhamdulillahi, kumbe kuna msomi mkubwa anayetujua. Tasnifu yangu yote niliijenga juu ya sura ile.

Basi nikaanza kumtafuta. Nilizunguka maduka ya vitabu mjini, wakaniuliza kama ni cha shule ya msingi. Nikaenda Kongowea kwenye mitumba, maana niliambiwa kuna mzee anayeuza vitabu kando ya wauza mashuka. Alikuwa na Biblia, riwaya za mapenzi na mitihani ya zamani ya darasa la nane. "Uhalifu?" akaniuliza. "Mwanangu, huo utaupata bure hapo nje." Akacheka peke yake.

Nikakaa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, siku tatu mfululizo za mapumziko yangu. Makala mapya yapo, jamani, sisemi hayapo. Unayaona. Unaandika neno Mombasa na neno vijana, yanatokea, mazuri, ya miaka hii hii. Unasomeshwa aya moja ya juu, ulimi unaanza kutoa mate, halafu ukurasa unafungwa na unaambiwa uingize kadi ya benki ulipe kwa dola. Mengi yameandikwa na watu waliokuja kwetu wiki mbili wakatuuliza maswali. Majibu tumewapa sisi, na kuyasoma tunauziwa! Nilikasirika hata yule kijana wa saiba akaniuliza kama nimefiwa.

Mwenzangu mmoja darasani, aliyekuja Changamwe na wazazi wake kutoka bara ya juu, akaniambia, "Wacha stress, sistee. Uliza simu." Akaiuliza yake, ile programu ya akili bandia inayojibu kila kitu. Ikatoa vitabu kumi, kila kimoja na mwandishi wake, mwaka wake, hata kurasa. Nilitaka kumkumbatia. Nikaenda kuvitafuta kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichopata kuandikwa na mtu yeyote. Yeye alivitia kwenye kazi yake hivyo hivyo. Mimi niliogopa ile kalamu nyekundu.

Juma la pili likaisha hivyo. Nikarudi pale nilipoanzia, kwa mama wa fotokopi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Nikamwomba anioneshe ile ya asili, ile anayotolea kopi. Akavuta droo. Nikaishika kwa mikono miwili. Kwenye nakala zetu jina lilikuwa jeusi kama maandishi mengine yote, lakini hapa lilikuwa la buluu, wino wa kalamu ya biki, na ukipitisha kidole unasikia pale ilipokandamiza.

"Mama," nikasema, "mwandishi huyu unamjua?"

"Mwandishi gani?" Akavaa miwani. "Ah, huyu! Huyu alikuwa mwanafunzi kama nyinyi. Alikiwacha hapa nimbanie, hakurudi kukichukua. Wenzake wakawa wanakuja kukiuliza, nikawapigia. Jina si aliandika ili kisipotee?"

Nilikaa juu ya katoni ya karatasi. Astaghfirullah. Miaka yote ile, darasa kwa darasa, tulikuwa tukimnukuu mwenye daftari. Nilicheka kwanza, kisha kicheko kikanigeukia, na mama wa watu akaenda kuniletea maji.

Lakini nilikuwa na tumaini moja bado. Ikiwa sura zile alizikusanya yeye, basi anajua alizikusanya kutoka wapi, na sura ya sita ina mwandishi wake mahali fulani. Mama alisikia kwamba kijana yule siku hizi ni karani kwenye yadi ya makontena Changamwe. Zilikuwa zimebaki siku tano. Kesho yake nikabadilishana zamu, nikaenda.

Alitoka getini na kizibao cha kung'aa na ubao wa karatasi kwapani, mwanamume wa rika langu, nywele zimeanza mvi. Nikamsalimu, nikampa ile nakala yangu. Akalitazama jalada kwa muda.

"Dada, hii umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza darasa letu na waliotutangulia, na yule mhadhiri, na kwamba sisi twamwita profesa. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Profesa! Mimi! Aisee, hebu ngoja niwaite hawa wenzangu." Hakuwaita. Akaanza kupekua. Sura ya kwanza na ya pili alizitoa kwenye kitabu alichoazima Nairobi, kitabu cha zamani, jina hakulikumbuka. Ya tatu hadi ya tano ni maelezo ya mhadhiri aliyeyapiga chapa mwenyewe.

"Na ya sita?" nikauliza. "Kaka, ya sita ndiyo ninayoitafuta. Nani aliandika?"

Alikuwa ameshaifikia. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza.

"Hii ni yangu," akasema.

Alilelewa Kisauni. Kiwanja kile alikichezea yeye, namba tatu. Mwaka wake wa mwisho aliiandika ile kuwa tasnifu yake, akazunguka maskani moja moja akiongea na vijana aliokua nao, na alipoipeleka ikarudishwa. Aliambiwa haina vyanzo. Aliambiwa jambo kama hili lazima mtu mwingine awe ameshaliandika. Akatafuta mtu huyo, hakumpata, muda wake ukaisha, jina likafutwa. Ile nakala aliiacha kwa mama wa fotokopi kwa sababu hakutaka kuiona tena.

"Na hao wanaonitaja," akaniuliza, "walipita mitihani?"

"Walipita."

Akatikisa kichwa polepole. Nilikuwa na hasira ya kumrushia mtu kiatu, na hapakuwa na mtu wa kumrushia. Nikamweleza mambo yangu, siku zilizobaki na kalamu nyekundu. Aliniomba nambari ya simu. Akasema, "Wape, dada. Waambie ni yangu, haijachapishwa. Labda safari hii watasoma." Macho yake yalikuwa yamebadilika, na mimi niliyaogopa.

Msimamizi wangu aliisoma yote mbele yangu. Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsengenya. Alisema ni sura bora kuliko chochote alichosoma mwaka ule, kisha akavua miwani. "Laiti ingekuwa imechapishwa."

"Na nani, mwalimu?" Sauti ilinipanda. "Nani angeichapisha?"

"Sijui," akasema.

Yule karani tulimwandika upya katika marejeleo kama kazi isiyochapishwa, naye msimamizi akaipeleka tasnifu yangu kwenye kamati na maneno ya kunitetea. Kamati ilijibu kwa mistari mitatu. Tasnifu haiwezi kuegemea juu ya tasnifu iliyokataliwa. Nilijaribu kumwondoa. Nilikaa na kazi yangu nikamfuta mahali hapa na hapa na hapa, na kila nilipomfuta nikakuta mbele yangu ukurasa mzima wa watu wa kwenye treni. Nilipomaliza hapakuwa na Kisauni ndani yake, wala Likoni. Mwisho wa mwezi ukafika, na barua ya kufutwa ikaja kwenye simu nikiwa zamu. Nililia nikiwa nimesimama, huku nikiwafungulia watu lango.

Siku nne baadaye karani wa Changamwe akanipigia. Nilijua ni yeye kabla hajajitaja, nikataka kuiacha simu ilie. Nikapokea.

"Dada, samahani kukusumbua. Nilikuwa nauliza tu. Ile sura, walisemaje?"

"Walisema ni nzuri," nikamjibu, na huo haukuwa uongo. "Mwalimu alisema ni bora kuliko zote alizosoma."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kuinua makontena, na mtu akimwita.

"Wakakupitisha?"

Nilimfikiria pale getini, midomo ikicheza.

"Wamenipitisha," nikasema.

"Mungu ni mkubwa," akasema, na sauti ikamkatika. "Mungu ni mkubwa, dada. Mamangu bado yu hai, unajua. Yeye ndiye aliyenilipia. Ngoja nimpigie sasa hivi nimwambie kwamba ile kazi ilikubaliwa."

Nikamwambia ampigie.