Mvua ya Agosti Kasokola

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa naingiza takwimu za mvua kwenye kompyuta pekee ya ofisi yetu ya kilimo Mpanda, jenereta likikubali. Siku moja nikakuta kituo cha Kasokola kimeandika milimita kumi na mbili katika wiki moja ya Agosti, katikati ya kiangazi.

Mkuu wangu aliangalia wastani wa mwaka mzima, akasema hiyo ni mvua ya kawaida. Alinikera. Kawaida ya Januari itakuwaje kawaida ya Agosti? Nikaandika fomula fupi: chukua kipimo cha kituo, toa wastani wa vituo vya jirani wiki ileile. Vituo hivyo vyote vilikuwa vikavu. Kasokola ikabaki imesimama peke yake.

Nikapanda baiskeli kwenda kuona. Kipimo chetu cha mvua kilitunzwa na mama mmoja mkulima, nasi tulikuwa tumekizungushia uzio ili mbuzi wasikiangushe. Yeye alipoona hapo ndipo mahali pekee ambapo mbuzi hawafiki, alitengeneza humo kitalu cha tumbaku, akawa anamwagilia miche kila jioni kwa kopo lenye matundu.

"Si nyie mliniambia niandike maji yaliyomo kwenye kipimo?" alisema. "Nimeandika."

Nilirudi ofisini nikafuta kumi na mbili, nikaweka sifuri. Fomula ikatulia, mimi sikutulia. Maji yale yalikuwa yamefika pale kweli, yamebebwa kichwani na yule mama kutoka mtoni, na katika jedwali lote hapakuwa na safu ya kuyaandika.